Je, Wajua? Konokono Hula Sakafu Anayolalia

Konokono mkubwa wa kahawia tunayemwona msimu wa masika akipanda kuta za nyumba Tanga, Mombasa na Unguja ana jamaa zake wanaoishi ndani ya visanduku vya kioo huko London. Wataalamu humwita *Lissachatina fulica*, na asili yake ni pwani hii ya Afrika Mashariki. Uingereza hufugwa nyumbani na shuleni, na wanaomfuga hujadiliana sana kuhusu matango na ukubwa wa kisanduku. Kitu kinachoamua kama atanawiri au atadhoofika, hata hivyo, ni kile alichotandikiwa chini. Tandiko ndilo ghala lake la maji na la madini, ndilo maficho yake ya mchana, na ndimo anamotagia.

Je, wajua kwamba konokono hula udongo kwa makusudi?

Ulimi wake una maelfu ya meno madogo mno, yaliyopangwa safu kwa safu kama tupa ya fundi. Kwa ulimi huo hukwangua jani, na kwa huohuo hukwangua udongo na mawe laini. Anachotafuta ni kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa. Gamba lake karibu lote ni kalsiamu kaboneti, dutu ileile inayofanya ganda la yai la kuku na mawe ya matumbawe yaliyojenga mji wa kale wa Lamu. Tena si kwa mdomo tu: akitambaa juu ya udongo wenye unyevu, ngozi ya mguu wake nayo hunyonya madini hayo.

Udongo ukiwa hauna chokaa, dalili huonekana kwenye gamba. Ukingo mpya karibu na mdomo hutoka mwembamba, na ukiubonyeza hupasuka. Ncha, ambayo ndiyo sehemu kongwe ya gamba, hubabuka na kuwa nyeupe. Halafu konokono wanaoishi pamoja huanza kupandana na kukwanguana magamba. Mfugaji mgeni hudhani wanagombana, kumbe kila mmoja anatafuta kwa mwenzake madini ambayo tandiko limeshindwa kumpa.

Ndiyo maana ni vizuri kukumbuka alikotoka. Chini ya sehemu kubwa ya Unguja, Mombasa na Kilwa kuna mwamba wa matumbawe ya kale. Mvua inapopita humo huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kupunguza uchachu wa udongo. Duniani kote, mahali penye mwamba wa chokaa huwa na konokono wengi kuliko penye udongo wenye asidi.

Je, wajua kwamba udongo uliokosa chokaa uliwahi kuharibu mayai ya ndege?

Hii ilitokea Uholanzi, katika msitu wa Buunderkamp, miaka ya 1980. Ndege mdogo aitwaye *Parus major* alianza kutaga mayai yenye maganda membamba na yenye matundu, mengine yakiwa hayana ganda kabisa. Baadhi ya majike walikutwa wakiatamia viota vitupu. Mwanzoni ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni sumu. Jaap Graveland na wenzake walifuatilia chanzo hatua kwa hatua, na mwaka 1994 wakachapisha majibu yao katika jarida la *Nature*. Mvua yenye asidi, iliyotokana na moshi wa viwanda na gesi za mashamba ya mifugo, ilikuwa imeosha kalsiamu kutoka kwenye udongo wa kichanga wa msitu ule. Konokono wakapungua. Ndege jike anapokaribia kutaga hula magamba ya konokono ili apate madini ya kujengea mayai yake, na sasa hakuyapata.

Watafiti walipowawekea vipande vya magamba ya konokono na maganda ya mayai ya kuku, mayai mabovu yalipungua sana. Kwangu mimi, utafiti huu unafundisha kuhusu kisanduku cha kioo kuliko vitabu vingi vya ufugaji. Unaonyesha kwamba konokono hana akiba nyingine ya kutegemea. Kisichokuwemo udongoni au kwenye chakula chake hakitakuwemo kwenye gamba.

Je, wajua kwamba si kila chokaa ni chakula?

Chokaa inayouzwa kwa mafundi wa ujenzi imechomwa tanuuni. Ikikutana na maji hutoa joto kali, na hata ikishazimwa bado huunguza ngozi. Kuichanganya na tandiko la konokono ni kumuua. Kinachofaa ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, au maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kupondwa hadi yawe unga. Mfupa mweupe wa dome, ule mwepesi unaookotwa ufukweni, nao unafaa sana. Uloweke kwanza kwenye maji baridi siku chache na kuyabadilisha mara kwa mara, maana umekaa baharini na chumvi ni adui mkubwa wa konokono. Kisha mwachie mfupa mzima kisandukuni. Ataukwangua usiku kwa wakati wake.

Je, wajua kwamba konokono wengi wanaofugwa Uingereza hulala juu ya makumbi ya nazi?

Huko madukani huuzwa tofali gumu la kahawia, lenye uzito wa gramu mia kadhaa. Ukilitia kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu hufura, hupasuka na kujaza ndoo kwa unga laini unaonukia mti. Unga huo ni vumbi linalobaki nyuzi zinapotenganishwa na makumbi, na mwingi hutoka India na Sri Lanka. Una uwezo wa kushika maji mara kadhaa ya uzito wake bila kugeuka tope. Hauozi haraka, na uchachu wake ni mdogo. Kwa mnyama anayepoteza maji kila anapotambaa, sifa hizo ni kubwa.

Una kasoro tatu. Kwanza hauna lishe yoyote ya maana, kwa hiyo kalsiamu lazima iongezwe. Pili hauna mshikamano. Konokono mkubwa akichimba shimo, kuta humporomokea. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, unaweza kuja na chumvi. Tazama wanavyofanya wanawake wa Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja. Hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani unaofunikwa na maji ya bahari, na kuyaacha miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha huyafukua na kuyaponda ili wapate nyuzi za kusokota kamba. Kwa kamba, maji ya bahari hayana neno. Kwa konokono, makumbi yaliyoloweshwa baharini ni hatari mpaka yaoshwe kwa maji baridi tena na tena. Tofali la dukani nalo, hata likiwa limeandikwa kwamba limeoshwa, halipotezi kitu likioshwa mara moja zaidi na kukamuliwa.

Je, wajua kwamba tandiko la sentimita 10 linaweza kuwa limechukua miaka 100 kutengenezwa?

Kabla ya makumbi kuenea, wafugaji wengi wa Ulaya walitumia mboji ya vinamasi, iitwayo piti. Ni mimea iliyokufa kwenye maji yasiyo na hewa, ikashindwa kuoza kabisa, ikarundikana. Kwa wastani hurundikana kiasi cha milimita moja kwa mwaka. Ukitandika kina cha sentimita 10, umetandika kazi ya karne moja, na baada ya miezi michache utaitupa.

Watu wa Kongo wana sababu ya kulijua neno hilo. Januari 2017, watafiti walitangaza katika *Nature* kwamba vinamasi vya bonde la kati la Kongo, vinavyovuka mpaka wa Kongo mbili, vina piti kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 145,500. Walikadiria kwamba humo mmehifadhiwa kaboni tani bilioni 30 hivi. Piti ya madukani ya Ulaya hutoka vinamasi vya huko kwao kaskazini, lakini kanuni haibadiliki: piti ikichimbwa na kukaushwa, kaboni iliyolala humo kwa maelfu ya miaka hurudi hewani.

Kwa konokono wenyewe piti ina tatizo jingine. Ni chachu. pH yake mara nyingi ni kati ya 3.5 na 4.5, na asidi hula gamba kutoka nje. Wafugaji wa zamani waliilainisha kwa kuchanganya unga wa chokaa, na ilifanya kazi. Mimi sioni sababu ya kuanza na udongo unaomuumiza mnyama halafu kuutibu, wakati makumbi yapo na udongo wa kawaida upo.

Je, wajua kwamba kinachomfaa kuku humdhuru konokono?

Maranda ya mbao ni tandiko zuri bandani kwa sababu hunyonya unyevu. Konokono anahitaji kinyume chake. Akitambaa juu ya maranda makavu hutumia ute mwingi, na vumbi lake humganda. Maranda ya msonobari na ya mwerezi yana mafuta yenye harufu kali, na mbao nyingine zimetiwa dawa za kuzuia mchwa. Mchanga mtupu hukauka upesi, na wa ufukweni una chumvi. Changarawe ndiyo mbaya kuliko yote: konokono hupenda kupanda kifuniko cha kisanduku, na siku atakayoanguka juu ya jiwe gamba litapasuka.

Je, wajua kwamba dawa ya kahawa hukaa udongoni kwa miaka mingi?

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaujua mrututu. Ni chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, na dawa zenye shaba zimepuliziwa mikahawa kwa miongo mingi ili kuzuia magonjwa ya ukungu. Shaba haiozi wala haivukizwi. Inayodondoka chini hubaki kwenye udongo wa juu, na msimu unaofuata huongezeka nyingine. Kwa konokono shaba ni sumu. Mrututu wenyewe umetumika kuua konokono wa majini wanaoeneza kichocho. Kwa hiyo udongo unaoonekana mweusi na wenye rutuba, ukitoka chini ya mkahawa, chini ya mnyanya uliopuliziwa dawa au pembeni mwa shamba lenye mbolea ya chumvichumvi, usiuchukue.

Chukua udongo wa mahali usipopuliziwa kitu: chini ya mti wa zamani, kwenye kichaka, mahali ambapo nyungunyungu wapo. Nyungunyungu nao hawapendi shaba, na wakikosekana kabisa mahali penye kivuli na unyevu, afadhali kutafuta pengine. Huko Uingereza tatizo lilikuwa jirani mwenye bustani aliyemwaga punje za metaldehaidi za kuua konokono; matumizi yake nje yalipigwa marufuku mwishoni mwa Machi 2022.

Ningeulizwa mchanganyiko ninaouamini, ningesema: udongo tifutifu usio na dawa sehemu mbili, unga wa makumbi sehemu moja, unga wa maganda ya mayai konzi kadhaa, na juu yake majani makavu ya miti. Majani hayo yana kazi. Konokono hujificha chini yake mchana, na yakianza kuoza huyala. Mfinyanzi mtupu usitumike, maana ukilowa hunata na ukikauka huwa tofali.

Je, wajua kwamba unyevu hupimwa kwa kiganja?

Chota tandiko, likamue kwa nguvu, halafu fungua mkono. Likibaki donge na kiganja kikawa na umajimaji bila maji kudondoka, limefaa. Likimwagika kama unga, ongeza maji. Maji yakichuruzika kati ya vidole, limezidi. Tandiko lililozidi maji hukosa hewa chini, hugeuka jeusi na kutoa harufu ya yai bovu, na konokono mara nyingi hupanda juu ya kifuniko akakataa kushuka.

Likikauka, konokono hufanya jambo jingine: hurudi ndani ya gamba na kuziba mlango kwa utando wa ute unaokauka na kuwa mgumu. Mapigo ya moyo hupungua, na hukaa hivyo akingoja mvua. Uwezo huo una ushahidi wa ajabu London. Mwaka 1846 makumbusho ya British Museum yalipokea magamba ya konokono wa jangwani kutoka Misri. Moja likabandikwa kwa gundi kwenye kipande cha karatasi ngumu, likaandikiwa jina na kuwekwa kwenye maonyesho. Machi 1850 mtu mmoja akaona alama za ute kwenye karatasi ile. Gamba likatiwa kwenye maji ya uvuguvugu, likabanduka, na konokono akatoa kichwa. Alikuwa amebandikwa hapo miaka 4. Akaanza kula, akachorwa picha, na akaishi kama miaka 2 zaidi.

Konokono wetu wa pwani si wa jangwani, na hana subira ya namna hiyo. Anaweza kujifungia kwa miezi ya kiangazi, lakini hutoka amekonda, na muda wote huo hakui. Mfugaji anayekuta mlango umezibwa asimtupe akidhani amekufa, wala asiutoboe utando. Alowanishe tandiko, anyunyizie maji ya uvuguvugu, asubiri.

Je, wajua kwamba kina cha udongo huamua kama atataga?

Kila konokono wa aina hii ana viungo vya kiume na vya kike, kwa hiyo kila mmoja aliyekomaa anaweza kutaga. Anaweza pia kuhifadhi mbegu za mwenzake kwa miezi, ndiyo maana anayefugwa peke yake hutaga mayai yanayoanguliwa. Wakati ukifika huzamisha kichwa na shingo ardhini, husukuma udongo kwa mguu, na kubaki hivyo kwa saa nyingi huku gamba likiwa limesimama nje. Tundu la uzazi liko upande wa kulia wa shingo, na mayai hutoka moja moja, meupe yenye umanjano, yenye upana wa milimita 4 hadi 5, yakiwa na ganda lake la chokaa. Mara nyingi huwa kati ya 100 na 400 kwa mkupuo. Kalsiamu ya mayai hayo hutoka mwilini mwake, na ndiyo sababu nyingine ya kutokumnyima.

Vitoto vikianguliwa havipandi juu mara moja. Hukaa chini siku kadhaa, na mlo wake wa kwanza ni maganda ya mayai vilimotoka. Udongo usiofika hata urefu wa gamba la mama hauruhusu haya yote. Hutaga juu juu na mayai hukauka. Sentimita 10 ni kiasi kizuri kwa aliyekomaa, na zikizidi si hasara.

Kina hicho ndicho pia kipoozeo chake. Joto likizidi, konokono huchimba akijua kwamba chini ni baridi. Katika nchi za baridi wafugaji hutumia mikeka ya umeme ya kupasha joto, na wengine huiweka chini ya kisanduku. Hapo anachimba kukimbia joto na kukutana nalo. Mkeka hubandikwa ubavuni.

Je, wajua kwamba udongo uliotumika unaweza kugharimu serikali mamilioni?

Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi Miami, Florida, kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu wa aina hii. Bibi yake akawaachia bustanini. Katika miaka 7 walizaliana wakafika zaidi ya 18,000, na kazi ya kuwamaliza ilifika hadi 1975 ikagharimu zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2011 walionekana tena Miami. Safari hii walisakwa hata kwa mbwa waliofundishwa kunusa, na 2021 serikali ikatangaza kwamba wamekwisha. Mwaka 2022 wakapatikana kaunti ya Pasco, kaskazini zaidi. Nje ya kwao hawana maadui wa kutosha, na mayai yao hujificha kwenye udongo wa vyungu vya maua na kwenye magurudumu ya mitambo. Marekani hairuhusu kuwafuga bila kibali maalumu.

Kwa sababu hiyo, wafugaji makini wa Uingereza hawamwagi tandiko la zamani bustanini. Hulifunga kwenye mfuko na kuliweka kwenye friza siku mbili au zaidi, ili mayai yaliyofichika yafe, kisha hulitupa pamoja na taka za nyumbani.

Na baada ya kulishika, mikono huoshwa kwa sabuni. Konokono aliyeokotwa porini anaweza kubeba vimelea vya mnyoo wa mapafu ya panya, ulioelezwa mara ya kwanza na mtaalamu wa China mwaka 1935, na vimelea hivyo vikimwingia binadamu vinaweza kusababisha uvimbe wa utando wa ubongo. Panya hutoa viluwiluwi vya mnyoo huo kwenye kinyesi, na konokono huvila pamoja na uchafu wa ardhini. Aliyezaliwa kisandukuni, juu ya tandiko ambalo panya hajalifikia, hana njia ya kuvipata. Kwa hiyo gunia la udongo wa akiba nalo lihifadhiwe mahali panya hawapiti.